Anga la Moto: Sheria za Kuzuia Droni Penye Mapambano na Moto wa Misitu

Tarehe 9 Januari 2025, siku mbili baada ya moto wa Palisades kuzuka katika vilima vya magharibi ya Los Angeles, ndege ya zimamoto aina ya CL-415, ambayo jimbo la Quebec nchini Kanada lilikuwa limeikodisha kwa mamlaka za eneo lile kama lilivyozoea kufanya kila mwaka tangu miaka ya 1990, iligongana angani na droni ndogo iliyorushwa na mtu asiyekuwa na idhini ya kuwapo pale wala kazi yoyote ya kumpeleka. Ndege ilitua salama, lakini ilipokaguliwa lilionekana katika bawa lake la kushoto tundu lenye urefu wa sentimita 15 hivi na upana wa nusu ya hapo. Na chombo hicho, kimoja kati ya viwili vilivyokuwa vimeletwa kutoka Quebec, kikalazimika kukaa chini siku kadhaa kungoja matengenezo, ilhali moto ungali ukila nyumba za watu. Hadi ulipodhibitiwa kabisa mwishoni mwa mwezi ule, moto wa Palisades ulikuwa umewaua watu 12 na kuteketeza majengo zaidi ya 6,800.

Aliyeirusha droni ile hakuwa adui wa wazima moto. Alipanda ghorofa ya juu ya jengo la kuegeshea magari huko Santa Monica, akairusha kuelekea upande wa moto ili atazame uharibifu uliotokea, nayo ikaenda zaidi ya mita 2,500 mpaka ikampotea machoni. Kabla Januari haijakwisha alikubali mbele ya waendesha mashtaka wa shirikisho kukiri kosa dogo la jinai la kurusha droni kwa namna ya hatari, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha mwaka mmoja, na katika makubaliano hayo aliahidi kulipa fidia isiyopungua dola 65,169 na kutumikia jamii kwa saa 150 katika kazi za kuwasaidia walioathiriwa na moto. Nimeianza mada yangu kwa kesi hii kwa sababu ndani yake sheria zote zilikuwapo, nyingi na kali, zikiwa zimetungwa na kutungwa upya kwa muda wa miaka kumi, na hata moja kati yake haikufanya kazi kabla ya mgongano. Rai yangu, ambayo nitajaribu kuithibitisha, ni kwamba watunga sheria wa Marekani wamejibidiisha mno kuongeza uzito wa adhabu, wakasahau kuziba matundu matatu ambamo mkosaji hupita bila ya kujua kuwa anakosa, bila ya kujulikana ni nani, na bila ya kuwapo mtu mwenye ruhusa ya kumzuia.

Ili msomaji afahamu namna kitu chenye uzito wa robo kilo kinavyoweza kulisimamisha jeshi zima la angani, hapana budi nieleze kwanza kazi yenyewe ya ndege hizi, ambayo ni kazi ya hatari hata pasipo droni. CL-415 haina haja ya kutua kiwanjani ili kujaza maji. Hushuka juu ya bahari au ziwa, huparuza uso wa maji kwa muda wa sekunde 12 hivi na kufyonza zaidi ya lita 6,000, kisha hupaa, hurejea motoni, humwaga, na kurudi tena majini, mzunguko baada ya mzunguko. Ndege kubwa zaidi, mathalan DC-10 zilizogeuzwa kutoka kazi ya abiria, hubeba zaidi ya lita 35,000 za kemikali nyekundu, ambayo aghalabu haimwagwi juu ya ndimi za moto bali mbele yake, juu ya majani na vichaka ambavyo moto haujavifikia, ili wanaopigana chini wapate mstari wa kusimamia. Kazi hii haiwezi kufanywa kutoka juu sana, kwa kuwa kinachomwagwa kutoka juu mno hutawanywa na upepo kisifike kinakotakiwa; kwa hiyo rubani hulazimika kushuka hadi makumi machache ya mita juu ya vilele vya miti, ndani ya moshi, baina ya kuta za mabonde, katika hewa inayorushwa huku na huko na joto, mara nyingi akiifuata ndege ndogo inayomtangulia kumwonyesha njia, ilhali juu yao huzunguka ndege ya msimamizi anayempangia kila mmoja kimo chake na zamu yake kwa redio.

Usalama wa mpango huu wote umesimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kila aliye katika anga lile anajulikana yuko wapi na anaelekea wapi. Droni ya raia haina redio ya kusema na msimamizi, na rubani aliye katika mwendo wa kasi hawezi kuiona kwa macho mpaka ikiwa imekwisha kumfikia; na fauka ya hayo, kimo ambacho sheria za kawaida zinairuhusu kuruka, yaani hadi futi 400, ambazo ni kama mita 120, ndicho kimo kile kile ambamo ndege za zimamoto hufanya kazi yao. Basi msimamizi anapoarifiwa kuwa droni imeonekana, hana hiari ila kuziondoa ndege zote mpaka ahakikishe kuwa imekwenda zake, na wakati huo kikosi kilichokuwa chini, ambacho kilishika nafasi yake kwa kutegemea maji yatakayomwagwa, hubaki peke yake mbele ya moto. Watu huuliza ndege ngapi zimewahi kuanguka kwa kugongwa na droni, wakadhani wameuliza swali la maana. Lakini madhara makubwa zaidi hutokea katika dakika zile ambazo hakuna kilichogongana na chochote, moto ukaendelea kutambaa huku ndege zikizunguka mbali au zikiwa zimetua.

Jambo hili lilidhihirika kwa umma wa Marekani katika kiangazi cha mwaka 2015. Mwezi wa Juni, katika moto uliopewa jina la Lake Fire kwenye milima ya kaunti ya San Bernardino, California, ndege za kumwaga kemikali, DC-10 ikiwamo, zilirudishwa njiani kwa sababu ya droni. Tarehe 17 Julai, katika kaunti hiyo hiyo, moto uliruka hadi barabara kuu ya mwendo kasi inayopita katika mlango wa mlima wa Cajon, madereva wakaacha magari yao na kukimbia kwa miguu, magari kama ishirini yakateketea. Na juu ya maafa hayo zilionekana droni tano, zikawafanya wasimamizi waziweke mbali ndege zao kwa takriban dakika 20. Viongozi wa kaunti, kwa ghadhabu iliyostahili, walitangaza zawadi ya dola 75,000 kwa yeyote ambaye angetoa habari za kuwapata waliorusha droni katika mioto ya msimu ule. Zawadi ile ilikuwa ni ukiri kwamba serikali, pamoja na askari wake na mitambo yake yote, haikuwa na njia yoyote ya kumfahamu mtu aliyesimama mahali asikoonekana na kuingilia kazi ya kuokoa roho za watu.

Kuanzia hapo sheria zilifuatana kwa haraka. Zilikuwapo tayari kanuni za zamani, kama ile inayokataza kuwapinga au kuwazuia wazima moto katika ardhi za umma za shirikisho, na ile inayoipa mamlaka ya anga ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi zake FAA, uwezo wa kutangaza zuio la muda la safari za anga juu ya eneo la maafa. Mwezi wa Julai 2016 Bunge la Marekani lilipitisha, na Rais Obama akatia saini, sheria iliyoweka faini ya hadi dola 20,000 kwa mwenye droni anayeingilia kazi za kuzima moto wa misitu, za polisi au za huduma za dharura. Mwaka 2018 likaja kosa la jinai lililotajwa kwa jina lake, kwamba mtu anayerusha droni na kuingilia kazi ya kuzima moto wa misitu, kwa kujua au kwa kutojali, anaweza kufungwa hadi miaka 2. Na sheria ya anga ya mwaka 2024 ikapandisha faini za ukiukaji wa kanuni za droni hadi dola 75,000 kwa kila kosa.

Majimbo nayo hayakungoja. Huko Utah, ambako droni zilirudi tena na tena juu ya moto wa Saddle katika kaunti ya Washington mwezi wa Juni 2016, hata wakazi wakiwa wamekwisha kuhamishwa makwao, wabunge waliitwa katika kikao maalumu na kutunga sheria yenye ngazi za adhabu, ambayo katika ngazi yake ya juu kabisa, droni ikisababisha ndege yenye watu kuanguka, inafikia kifungo cha miaka 15. Na sheria hiyo hiyo ikawapa wasimamizi wa moto ruhusa ya kuizima droni inayoingilia kazi yao. California ilikwenda kwa mashaka kidogo. Gavana Jerry Brown alikataa mwaka 2015 kutia saini miswada kadhaa juu ya droni, ukiwamo mmoja wa kuwakinga wazima moto wanaoiharibu droni inayowazuia. Lakini mwaka uliofuata aliikubali kinga hiyo, na pamoja nayo likaja rekebisho la kifungu cha 402 cha sheria za jinai za jimbo, ambacho tangu zamani kilimhesabu kuwa mkosaji mtu anayekwenda kutazama mahali pa maafa na kuwazuia waokoaji, sasa kikimhesabu vivyo hivyo mtu anayetazama kwa droni, popote alipo yeye mwenyewe. Hili la mwisho nalihesabu kuwa ni kazi ya akili zaidi kuliko faini zote, kwa sababu halikubuni kosa jipya kwa ajili ya chombo kipya, bali lilitambua kwamba mtazamaji aliyesimama kilomita tatu mbali, naye ameshika kioo mkononi, yupo pale pale kwa athari ya kitendo chake.

Nageukia sasa tundu la kwanza, ambalo ni la kutokujulikana. FAA ilianza kuwataka wenye droni wajiandikishe mwezi wa Desemba 2015. Mei 2017 mahakama ya rufaa ya Washington iliibatilisha amri hiyo kwa wale wanaorusha kwa kujifurahisha tu, kwa hoja kwamba sheria ya mwaka 2012 iliikataza mamlaka hiyo kuwatungia kanuni. Na Desemba mwaka ule ule Bunge likairudisha. Baadaye ikaja kanuni ya kila droni kujitambulisha yenyewe kwa redio ikiwa angani, ikitangaza namba yake, mahali ilipo na mahali alipo anayeiongoza, ambayo ilianza kuwabana warushaji Septemba 2023 na kusimamiwa kwa ukamilifu Machi 2024. Kwa mtu aliyekumbuka zawadi ya San Bernardino, kanuni hii ilikuwa ndiyo dawa yenyewe, kwani askari mwenye kipokezi kinachofaa angeweza kumfuata mrushaji hadi alipo kabla droni yake haijafika penye moto.

Lakini mlango uliachwa wazi. Droni yenye uzito usiozidi gramu 250, ikirushwa kwa kujifurahisha, haiandikishwi wala haidaiwi kujitambulisha. Viwanda, kama ilivyo tabia ya biashara kuufuata mstari wa sheria hadi ukingoni, vikaanza kuunda droni zenye kamera bora kabisa na uzito wa gramu 249, na droni iliyolitoboa bawa la ndege ya Quebec ilikuwa ya jamii hiyo ndogo. Na hiyo gramu 250 ilipatikanaje? Ilipendekezwa Novemba 2015 na kikosi cha wataalamu kilichoundwa na FAA, nao waliifikia kwa hesabu ya jambo tofauti kabisa, yaani uwezekano wa droni iliyoharibika angani kumwangukia mtu aliye chini na kumuua. Nishati ya kitu kinachogonga hukua kwa mraba wa kasi yake. Kinachoanguka chini kwa uzito wake tu kina kasi isiyokuwa kubwa, lakini kinachokutana na bawa la ndege inayokwenda mamia ya kilomita kwa saa hupokea kasi yote ya ndege ile, hata kama chenyewe kimetulia angani kama popo aliyening'inia. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Dayton, Ohio, walirusha kwa mzinga droni ya takriban kilo moja dhidi ya bawa la ndege ndogo kwa kasi ya kilomita 383 kwa saa, na droni ikapasua ngozi ya bawa na kuingia ndani hadi kuuharibu mhimili wake mkuu. Ile ya Palisades ilikuwa na robo tu ya uzito huo, ikatoboa vilevile. Msamaha uliokusudiwa kumlinda mtoto na mwanasesere wake anayeruka umetumika kama stara ya mtu mzima mwenye chombo kinachokwenda kilomita kadhaa kutoka mkononi mwake, na sioni hoja yoyote ya insafu inayoweza kuutetea usiguswe penye moto.

Tundu la pili ni la ilani, nalo ni gumu zaidi kuliona kwa sababu limefichwa ndani ya desturi ya kisheria ambayo kwa dhahiri yake ni nzuri, yaani kwamba mtu asiadhibiwe kwa kuvunja amri ambayo haijatangazwa. Nchini Marekani anga juu ya moto halifungwi na moto, bali hufungwa na tangazo. Moto unapozuka, wasimamizi wake huiomba FAA itoe zuio la muda, zuio huandikwa kwa mipaka ya duara au pembe, kwa kimo na saa zake, katika lugha ya mkato ambayo marubani wa kazi wameisomea na mnunuzi wa droni hajapata kuiona, kisha hutangazwa. Baina ya moshi wa kwanza na tangazo hupita muda, na muda huo ndio ule ambao moto ungali mdogo, ambao ndege mbili zikifika mapema huweza kuumaliza, na ambao watu wa karibu wenye shauku ya kupiga picha hutoka na droni zao. Ni kweli kwamba droni ikiingilia kazi kabla ya tangazo mrushaji bado anaweza kushtakiwa kwa kifungu cha mwaka 2018, ambacho hakihitaji zuio. Lakini hapo mwendesha mashtaka hulazimika kuthibitisha kuwa mtu yule alijua au hakujali, na kuwa kazi ya kuzima ilizuiliwa kweli, mzigo ambao si mwepesi dhidi ya mtu anayesema aliona moshi tu wala hakuona ndege.

Kanada ilichagua njia nyingine. Kanuni zake za anga, katika kifungu cha 601.15, zinakataza chombo chochote cha angani kisichohusika na kazi ya kuzima moto kuruka juu ya eneo la moto wa msitu, au ndani ya maili tano za baharini kutoka hapo, ambazo ni zaidi kidogo ya kilomita tisa, chini ya futi 3,000. Na kanuni hii husimama yenyewe, pasipo kungoja tangazo la mtu. Moto ukiwapo, zuio lipo. Mrushaji wa droni wa British Columbia hana haja ya kujua kusoma matangazo ya marubani. Anachohitaji ni kujua kwamba mahali alipo panaungua, jambo ambalo macho na pua humwambia. Na akiingilia kazi ya kuudhibiti moto, sheria ya moto wa nyika ya jimbo lile inaweza kumfikisha kwenye faini ya hadi dola 100,000 za Kanada au kifungo cha mwaka mmoja. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake ya mwaka 2019 inayotawala droni katika nchi wanachama, umemwekea mrushaji wajibu wa namna hii hii, kwamba asiruke karibu na mahali penye kazi ya dharura wala ndani yake ila kwa ruhusa ya wanaoisimamia kazi hiyo.

Nimezipima njia hizi mbili kwa muda mrefu, na sina shaka kwamba ya Kanada ndiyo bora kwa droni, ijapokuwa kwa ndege za abiria tangazo lenye mipaka ya wazi litaendelea kuhitajiwa. Rubani wa abiria hupita juu ya nchi asiyoikanyaga na hawezi kudaiwa kuukisia moto uliofichwa na mawingu. Mrushaji wa droni kwa kawaida anatakiwa na sheria akione chombo chake kwa macho muda wote, na mtu anayekiona chombo chake angani hawezi kudai kuwa hakuona nguzo ya moshi kando yake. Anayesema hivyo, ama ameivunja tayari sheria ya kukiona chombo chake, ama hasemi kweli.

Tundu la tatu ni la kuzuia. Droni inapoonekana juu ya moto, mtu wa kawaida husema, mbona hawaitungui? Jibu limo katika mgawanyo wa mamlaka wa nchi ile. Anga la Marekani liko chini ya serikali ya shirikisho, na Septemba 2017 hakimu wa mahakama ya shirikisho huko Massachusetts alibatilisha vifungu vya sheria ndogo ya mji wa Newton juu ya droni kwa sababu viligongana na mamlaka hiyo. Kabla yake, Novemba 2014, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilikuwa imeamua kwamba droni ni chombo cha anga kwa maana ya kisheria. Na kuharibu chombo cha anga kwa kusudi ni kosa kubwa la jinai la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 20. Kuyavuruga mawasiliano yake ya redio nako kumekatazwa tangu sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934. Kwa hiyo kinga ambayo California imewapa wazima moto wake, na ruhusa ambayo Utah imewapa wasimamizi wake, ni ahadi ambazo jimbo halina uwezo wa kuzitimiza mpaka mwisho, kwa kuwa jimbo linaweza kumwondolea mtu dai la fidia mbele ya mahakama zake lakini haliwezi kumsamehe kosa la shirikisho. Hadi mioto ya Los Angeles ya mwaka 2025, uwezo halali wa kuzima droni kwa mitambo ulikuwa mikononi mwa idara chache za shirikisho, na ndiyo maana FBI ilipeleka pale vifaa vyake vya kugundua droni baada ya mgongano. Nami sishauri kila kikosi cha zimamoto kipewe bunduki. Droni iliyotunguliwa huanguka na betri yake, na betri ya aina ile ikipasuka juu ya majani makavu huweza kuwasha moto wa pili. Kinachostahili kuenea kwa haraka ni vipokezi vya kumpata mrushaji mahali alipo, pamoja na ruhusa ya kisheria ya kuvitumia, kwa sababu kumgonga mtu begani ni salama kuliko kupiga risasi hewani.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo sipendi kuipita kwa dharau. Wako wanaorusha droni si kwa mchezo bali kwa habari, na umma una haki ya kujua hali ya maafa kwa macho yasiyokuwa ya serikali. Kifungu cha 402 cha California chenyewe kinamtoa katika hukumu yake yule ambaye kazi yake ya ajira ni kutazama tukio lile. Wako pia waliohamishwa makwao usiku, hawajui kama nyumba ilibaki au ilikwenda, nao wana maumivu ambayo mtunga sheria aliyelala kwake hawezi kuyapima. Kwa hawa wa pili, adhabu pekee si jawabu. Katika mioto ya Los Angeles wakuu walitoa ramani za uharibifu zilizoonyesha hali ya jengo moja moja, na nadhani kila ramani ya namna hiyo, ikitolewa mapema, huzuia droni nyingi kuliko bango la onyo. Kwa wanahabari, picha zilizopigwa na droni za zimamoto wenyewe zikigawiwa kwa wote bila ya kuchujwa kwa upendeleo zingepunguza haja ya kila chombo cha habari kupeleka chake; lakini hilo litakubalika tu ikiwa serikali inaaminika, na imani hiyo haipatikani kwa amri.

Maana droni zenyewe si adui wa kazi hii. Idara ya zimamoto ya Los Angeles ilizitumia kwa mara ya kwanza Desemba 2017 katika moto wa Skirball, na tangu hapo vikosi vingi vimezitegemea kutazama joto kupitia moshi mzito, kukagua mistari usiku ambapo ndege nyingi zenye watu hazifanyi kazi, na kudondosha vidonge vya kuwashia moto wa makusudi unaoula msitu mbele ya moto mkuu ili ukose cha kula. Sheria ya mwaka 2018 imeziacha huru kazi hizi. Tofauti ya droni ya zimamoto na ya mtazamaji imo katika redio ya msimamizi, si katika chombo. Ya kwanza imo katika hesabu yake, ya pili haimo.

Limebaki swali la anayeunda na kuuza, ambalo nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo linaloguswa kidogo kuliko yote. Kampuni ya DJI ya Uchina, ambayo droni zake zimetawala soko la Marekani, ilianzisha mwishoni mwa mwaka 2015 mfumo wa mipaka ndani ya droni zake uliopokea habari za mazuio ya muda, mioto ya misitu ikiwamo, na kuizuia droni isiingie humo. Ikafanya hivyo kwa hiari, pasipo sheria yoyote ya Marekani kuilazimisha. Na kwa kuwa ilikuwa hiari, iliweza kuondolewa. Tarehe 13 Januari 2025, siku nne baada ya mgongano juu ya Palisades na moto ungali ukiwaka, kampuni hiyo ilitangaza kuwa mipaka yake nchini Marekani itageuka kuwa maonyo tu, ambayo mrushaji huweza kuyasoma na kuyapita kwa kidole, kwa hoja kwamba jukumu la kutii ni la mrushaji na kazi ya kusimamia sheria ni ya serikali. Sheria za Ulaya zinataka droni nyingi mpya ziwe na uwezo wa kumjulisha mrushaji mipaka ya anga, lakini hata huko zile ndogo za chini ya gramu 250 zimesamehewa, kosa lile lile la mizani lililovuka bahari. Taarifa za mazuio hutolewa tayari kwa namna ambayo mashine huweza kuisoma; mipaka ya mioto hupimwa tena na tena; simu inayoiongoza droni imeunganishwa na intaneti. Kinachokosekana ni kifungu kimoja kinachomwambia mtengenezaji kwamba hawezi kuuza chombo cha kuruka, kiwe na uzito wowote, ambacho kikiambiwa kuwa mbele yake kuna moto na ndege za kuuzima kitakubali kuondoka ardhini, na kinachoweka ufunguo wa kukifungulia mikononi mwa msimamizi wa moto peke yake.